Kilicho Chini ya Nyasi Bandia: Ua Wetu wa Shangani, Mbwa Mmoja na Paka Wawili

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Septemba 2023 tulipobandua zulia la kwanza la nyasi bandia uani kwetu, hapa Shangani, Mtwara. Fundi alishika pembe moja kwa mikono miwili, akakanyaga sakafu vizuri, akavuta mpaka gundi ikaachia kwa mlio kama wa kitambaa kinachopasuka, kisha akaliachia zulia na kurudi nyuma hatua tatu huku ameziba pua kwa kiwiko. Juu ya saruji palikuwa na tope jeusi laini, lenye unene wa ukucha, lililochanganyika na manyoya ya mbwa, mchanga na majani makavu ya mkungu. Macho yalituwasha wote wawili. Mama yangu, aliyekuwa amekaa barazani, aliinuka bila kusema neno na kuingia ndani.

Juu ya tope lile tulikuwa tumeishi miezi 14. Wageni waliusifia ua wetu, watoto wa jirani walikuja kupigia picha pale siku ya Idi, na mimi mwenyewe kila asubuhi niliufagia nikiamini kwamba naufanya usafi. Harufu tuliisikia, lakini tulimlaumu mbwa, halafu choo, halafu mfereji wa jirani. Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara na watu wa hapa mjini, na wengine wa Lindi, kama nyasi bandia zinafaa kwa nyumba yenye mbwa au paka. Jibu langu linahitaji maelezo marefu, kwa sababu karibu kila kitu cha maana katika kazi hii kiko mahali ambapo mwenye nyumba hapaoni.

Nianze na sababu iliyotufikisha huko, kwa kuwa si urembo. Ardhi ya mtaani kwetu ni mchanga mtupu wa pwani, na ukichimba kidogo unakutana na mwamba wa matumbawe. Mchanga mkavu wa namna hii ndio makazi anayoyapenda funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika: alitoka Amerika ya Kusini, akashuka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshalivuka bara zima hadi pwani yetu. Mayai yake huanguliwa mchangani, na jike akikomaa huingia katika nyayo za watu na baina ya vidole vya mbwa, akakaa humo akinenepa. Mbwa wetu Bobi aliwapata mguu wa nyuma, akawa anatembea kwa kuchechemea na kujitafuna, na baada ya wiki mbili mwanangu mdogo naye alikutwa na wawili katika kidole gumba. Mchanga huohuo, mbwa akiwa anajisaidia humo, hubeba pia mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa, ambayo humpenya mtu ngozini na kuacha mistari myekundu inayowasha usiku kucha. Kwa hiyo tulimwaga saruji ua mzima. Funza waliisha, lakini tukawa na uwanja wa saruji unaowaka jua, ambao mtoto akianguka anachubuka magoti. Mwaka uliofuata, Julai 2022, tuliweka nyasi bandia juu ya saruji hiyo.

Kosa lilikuwa hapo. Fundi wa kwanza, ambaye sina haja ya kumtaja, alipaka gundi sakafu nzima kama mtu anayebandika vigae, akalaza zulia, akalikandamiza, akamaliza kazi kwa siku moja. Zulia la nyasi bandia lina mgongo wa lateksi wenye matundu madogo yaliyopangwa kwa safu, na matundu hayo ndiyo njia pekee ya maji kushuka. Gundi iliyaziba karibu yote. Yale machache yaliyosalia yalifunguka juu ya saruji, ambayo hainywi maji, na sakafu yetu ilikuwa imedidimia kidogo katikati bila sisi kujua, hivyo kila kilichopita kilikusanyika palepale.

Inafaa kueleza kinachotokea mkojo unapokwama, maana watu wengi hudhani kwamba harufu ni jambo la kufukiza udi tu na kupita. Mkojo wa mbwa una yurea, na yurea yenyewe haina harufu kali. Harufu huja baadaye, pale bakteria wanapoivunja yurea hiyo kwa kimeng'enya chao na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua na macho. Ukiuondoa mkojo mapema, bakteria hawapati chakula. Ukiuacha mahali penye unyevu, joto na uchafu, umewajengea kiwanda. Ndiyo sababu mbwa yuleyule aliyejisaidia mchangani kwa miaka mitatu bila kuudhi mtu alionekana ghafla kuwa ndiye chanzo cha uvundo. Mchanga ulikuwa ukimfanyia kazi kimyakimya: ulikunywa, ukachuja, na jua likamalizia. Anayeweka zulia anauondoa mchanga kazini, na lazima aweke kitu kingine cha kuifanya kazi ileile.

Jambo la pili lililotushinda lilikuwa joto, na hili nilipaswa kuligundua mapema. Adhuhuri moja ya Novemba, kabla mvua hazijaanza, nilimwita Bobi kutoka kivulini. Alikuja hadi ukingoni mwa zulia, akasita, akakanyaga. Aliinua mguu wa mbele wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto, kisha akakimbia kwa kurukaruka hadi barazani, akalala ubavu na kuanza kulamba nyayo. Nilimshika mguu. Katika ule mto mweusi wa unyayo palikuwa na lengelenge dogo, la ukubwa wa punje ya mahindi, na ngozi yake ilikuwa imelainika kama iliyoloweshwa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa zaidi kwa kuhema, na jasho lake dogo hutoka nyayoni, mahali palepale tulipokuwa tunamchoma.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah nchini Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2002 kwenye uwanja wao wa michezo. Waliponyunyizia maji sehemu ya nyasi bandia iliyofikia takriban nyuzi 79 za Selsiasi, joto lilishuka hadi kama nyuzi 29, lakini baada ya dakika 5 lilikuwa limerudi kwenye 49, na baada ya dakika 20 likawa limefika karibu 73. Ninazitaja tarakimu hizi kwa sababu ushauri ambao kila muuzaji huutoa ni kwamba ukiona joto, mwagia maji. Maji hayo yanakununulia dakika chache tu. Kwa nyumba inayolipa bili ya maji, na katika miezi ambayo bomba halitoki kila siku, huo si mpango wa kumwekea mnyama.

Historia yenyewe ya bidhaa hii ingetosha kututahadharisha. Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani. Uwanja ule ulikuwa na paa. Ulifunguliwa mwaka 1965 ukiwa na nyasi za kuota, lakini mwangaza uliopenya paa uliwasumbua wachezaji machoni, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua na kufa, ndipo zikaletwa za plastiki. Zulia hili lilipata jina kwa sababu ya kivuli, nasi tunalianika kwenye jua la Mtwara bila kivuli cha kutosha, kisha tunashangaa kwamba mbwa hataki kulikanyaga.

Jambo la tatu ni la mama. Mama yangu ni mtu wa Newala, amehamia kwangu tangu baba afariki, na ni mtu wa sala tano. Siku chache baada ya zulia la kwanza kuwekwa aliniita.

"Mwanangu, hili jamvi lako halinifai."

"Limekukosea nini, mama?"

"Mchanga ukiumwagia maji, yanakwenda. Hili linashika. Nami natoka kutawadha nyayo zangu zina maji. Nipite wapi?"

Sikuwa na jibu. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo unyevu wa mbwa kwayo ni najisi nzito, huoshwa mara saba na mojawapo iwe kwa udongo. Kwa nyumba yenye mbwa wa ulinzi na mzee anayesali, hili si jambo dogo la kupuuzwa kwa kusema kwamba dunia imebadilika. Mama alikuwa ameligusa pia tatizo la kiufundi kwa neno moja, "linashika", mwaka mzima kabla sisi hatujaliona. Ningemsikiliza vizuri siku ile, tusingefika kwenye tope.

Kazi ya pili tulimpa fundi mwingine, kijana wa Mikindani anayejenga njia za pevingi. Hakuwa ametandika nyasi bandia nyingi, lakini alikuwa anaelewa maji, na mimi nilimchagua kwa sababu hiyo. Alipofika hakuuliza habari za zulia. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga katikati ya ua, akachuchumaa kuangalia yanakoelekea. Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwamkia na kumwuliza, "Bibi, nyie hupita wapi mkitoka chooni?" Mama akashuka na kumwonyesha kwa fimbo. Njia ya pevingi ikachorwa hapohapo, kutoka chooni hadi barazani, yenye upana wa watu wawili kupishana, na kati ya njia hiyo na eneo la mbwa ukajengwa ukuta mfupi wenye geti dogo. Bobi havuki. Kilichobaki kwa ajili ya nyasi kilikuwa mita 6 kwa 9.

Saruji ilivunjwa kwa nyundo kwa siku mbili. Chini yake tulichimba sentimita 15, tukasawazisha mchanga na kuushindilia kwa maji na mashine ya kukodi, kisha tukatandika kitambaa kizito cha kuchujia, kile ambacho mafundi wa barabara hukiweka chini ya kifusi ili mchanga usipande juu na mawe yasizame. Juu ya kitambaa zikaja kokoto.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa kokoto ndizo zilizotugawa. Zilizo rahisi kupatikana kwetu ni za mawe ya matumbawe, zinavunjwa karibu na bei yake ni nafuu. Fundi alizikataa na mwanzoni nilidhani anataka kuniongezea gharama. Sababu zake zilikuwa mbili, nami nimezithibitisha kwa macho tangu hapo. Kwanza, matumbawe ni chokaa. Ukiyashindilia, vumbi lake likilowa na kukauka hushikana kama lipu, na baada ya msimu mmoja wa mvua unakuwa umejitengenezea sakafu nyingine chini ya zulia. Pili, chokaa hupunguza asidi, na mahali pasipo na asidi amonia hutoka kwa urahisi zaidi kuwa hewa, kwa hiyo harufu huongezeka badala ya kupungua. Tukaagiza kokoto za mawe magumu kutoka bara, upande wa Masasi, nchi ya ile milima ya mawe matupu inayoonekana kutoka mbali. Usafiri ulituuma. Safu ya chini ilikuwa ya kokoto kubwa, zenye ukubwa wa kama milimita 20, unene wa sentimita 10. Juu yake safu nyembamba ya kokoto ndogo, zilizochekechwa ili zisiwe na vumbi. Kwa ua wa watu tu, mafundi wengi humalizia na vumbi la kokoto kwa sababu linatoa uso laini kama meza. Kwa ua wa mbwa uso ule laini ni kizuizi, kwani mkojo ni kidogo na hauna nguvu ya mvua ya kujisukumia njia.

Mteremko tuliuweka sentimita moja na nusu kwa kila mita, kwa kamba na pima maji, hivyo upande wa chini ulikuwa sentimita 9 chini ya upande wa juu. Jicho halitambui, lakini maji yanatambua. Upande huo wa chini kuna mfereji mwembamba unaopeleka maji kwenye shimo la kufyonza lililojazwa mawe, nalo tulilichimba mbali kabisa na kisima, kwa sababu katika ardhi ya mchanga na matumbawe maji husafiri haraka na hayaulizi mpaka wa kiwanja.

Zulia lenyewe tulilichagua kwa ndoo pia. Nilipofika dukani niliomba kipande, nikakigeuza kuangalia matundu, nikaomba kimwagiwe maji. Kama maji yanatuama juu yake hata kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, hakifai kwa mbwa. Nyasi zake ni za polithini, zenye urefu wa milimita 30: zikiwa fupi sana zinakuwa kama busati la ukumbini, zikiwa ndefu zinalala na kuficha kinyesi. Yale manyoya ya kahawia yaliyojikunja chini ya majani, yanayowekwa ili zulia lionekane kama nyasi zilizokauka kwa asili, hunasa manyoya ya mbwa na kushika mkojo, kwa hiyo nilichukua lenye machache kadiri ilivyowezekana. Nailoni niliiacha kwa sababu hunywa maji kidogo na kukaa nayo.

Marobota yalikuwa na upana wa mita 2, tukahitaji vipande vitatu vya mita 9. Tuliviacha vimekunjuliwa juani saa kadhaa ili mikunjo iachie, tukahakikisha nyasi za vipande vyote zimelala upande mmoja, maana kipande kikigeuzwa mwanga unakisema hata ukiwa barabarani. Maungio yalifanywa kwa utepe na gundi ya chini tu, mstari mwembamba, si sakafu nzima. Fundi alipitisha ukucha katika kila ungio kutoka mwanzo hadi mwisho, na mahali ukucha uliponasa alifungua na kurudia, kwa kuwa ukucha wa mbwa nao utanasa hapohapo, na mbwa akipata mwanzo wa kufukua haachi. Kingo hatukuzipigilia kwenye mbao, kwa sababu mchwa wa huku wangezimaliza kabla ya msimu wa korosho wa pili. Tulizibana kati ya kokoto zilizoshindiliwa na ukingo wa zege, tukaongeza misumari mirefu isiyoshika kutu, maana hewa ya chumvi ya Shangani hula msumari wa kawaida haraka sana, na msumari uliovunjika kichwa ndani ya nyasi ni mkuki kwa mguu wa mnyama.

Kisha kujazia. Viwanja vingi vya mpira hujaziwa chembe za mpira wa matairi yaliyosagwa. Kwa nyumba yenye wanyama nisingekubali hata kama zingetolewa bure: ni nyeusi na huongeza joto, mbwa huzilamba na kuzimeza, na hutawanyika kila mvua inaponyesha. Umoja wa Ulaya, mwaka 2023, ulipitisha kanuni ya kuziondoa sokoni chembe za plastiki za kujazia viwanja baada ya kipindi cha mpito cha miaka 8. Nasi tunaoishi hatua chache kutoka baharini hatuna sababu ya kupokea kile wanachokiacha. Tulijazia mchanga wa silika uliooshwa, si mchanga wa ufukweni wenye chumvi na magamba ya chokaa, na tukauchanganya na zeolaiti niliyoiagiza Dar es Salaam.

Zeolaiti ni madini yanayotokana na majivu ya volkano, yenye vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vishimo hivyo hukaa chembe za sodiamu. Mkojo unapopita, amonia iliyomo katika maji hubadilishana nafasi na sodiamu, ikabaki imefungiwa. Baada ya muda vishimo hujaa na madini hayashiki tena. Dawa yake ni maji ya chumvi, ambayo huirudisha sodiamu mahali pake na kuitoa amonia ioshwe. Hapa ndipo sisi watu wa Mtwara na Lindi tumebahatika, kwa kuwa pwani yetu ina mashamba ya chumvi na chumvi ya mawe haijawahi kuwa ghali. Nafanya hivyo kila baada ya miezi mitatu: chumvi katika ndoo, naimimina taratibu jioni, naiacha usiku, na asubuhi nasuuza kwa maji mengi kuelekea mfereji. Nawatahadharisha wenye maua ukingoni kwamba chumvi hiyo itayaua.

Matunzo ya kila siku ni mepesi, lakini ni ya kila siku kweli. Kinyesi huondolewa papo hapo, na Bobi hupewa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa sababu zulia haliui mayai ya minyoo. Kupe nao haliwahusu kabisa, maana hujificha katika nyufa za kuta. Asubuhi namwaga ndoo moja mahali ambapo mbwa amezoea kujisaidia. Mara moja kwa wiki nafagia kwa ufagio mgumu dhidi ya mwelekeo wa nyasi ili zisimame, na kama kuna harufu nanyunyiza siki iliyochanganywa na maji mara tatu yake, kwani siki huituliza amonia. Miezi migumu ni Agosti hadi Oktoba, ambapo kusi limekausha kila kitu na hakuna mvua ya kusuuza. Mvua zikianza, ua hujiosha wenyewe.

Naomba msomaji alishike hili kuliko mengine yote: usimwage dawa ya madoa yenye klorini juu ya mkojo wa mnyama. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayounguza mapafu, na mbwa, ambaye pua yake iko sentimita chache kutoka chini, ndiye wa kwanza kuivuta. Wasaidizi wengi wa nyumbani huitumia dawa hiyo kwa nia njema kwa kuwa ndiyo inayosafisha choo.

Kuhusu joto, hatukuwa na ujanja mwingine isipokuwa kivuli. Mkungu uliokuwepo hufunika theluthi moja ya ua. Sehemu kubwa ya iliyobaki tuliijengea kipaa cha makuti juu ya nguzo sita, kilichoinuliwa vya kutosha ili kusi lipite chini yake. Makuti hayahifadhi joto kama bati, na mvua ikipiga hayapigi kelele. Palipo na makuti, adhuhuri ya Novemba, naweza kuweka mgongo wa kiganja juu ya nyasi na kuhesabu hadi saba bila kuuondoa, na hicho ndicho kipimo ninachompa kila mtu: ukishindwa kufika saba, mbwa wako naye hawezi. Pembe moja iliyobaki juani Bobi huikwepa mwenyewe hadi alasiri. Wenye madirisha ya vioo vya kuakisi waangalie pia mahali mwali unapoangukia, kwa sababu mwali huo unaweza kuikunja plastiki ya nyasi ikawa kama nywele zilizoungua.

Paka hawakutusumbua sana. Paka hutaka kufukia, na mchanga wa kujazia ulioko kati ya nyasi haumtoshi, kwa hiyo sanduku la mchanga mkavu lililowekwa nyuma ya tangi la maji liliwaridhisha wote wawili. Mmoja hupenda kunoa kucha kwenye ungio la katikati, naye tulimwekea gogo la mnazi pembeni, akaliona bora.

Linaloniuma bado ni plastiki. Nyasi hizi huchakaa kwa jua na kucha, na vipande vyake vidogo hufuata maji, na maji ya Shangani yote mwisho wake ni bahari, bahari ileile ambayo upande wetu wa kusini imehifadhiwa tangu mwaka 2000 katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Tumeweka wavu mdogo mdomoni mwa mfereji, nami huutoa na kuukung'uta kila wiki. Hukuta nyuzi za kijani, chache, fupi kama kope. Wavu hauzuii zote. Asiyeweza kuvumilia wazo hilo ana haki ya kutoziweka kabisa, na mimi sitamshawishi.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, nilikaa dirishani usiku nikiutazama ua kwa tochi. Nilikumbuka jinsi maji yalivyokuwa yakisimama juu ya saruji hata kwa mvua ya kawaida. Safari hii yaliingia katika nyasi na kupotea, na asubuhi zilikuwa zimelala kuelekea mfereji kama nywele zilizochanwa, bila dimbwi hata moja. Mama alipita kwenye njia yake kwenda kutawadha, akarudi.

Dada yangu wa Lindi, anayefuga mbwa wanne wakubwa katika kiwanja chenye nafasi, aliniomba fundi wangu baada ya kuuona ua huu. Nilimwambia asiweke. Kwa mbwa wanne, zulia litapokea mkojo mwingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuosha, na yeye ana kitu ambacho sisi hatuna: ardhi nyekundu yenye rutuba kiasi, na kisima chake mwenyewe. Alipanda ukoka wa Pemba chini ya miembe, akagawa kiwanja vipande viwili kwa waya, na huwahamisha mbwa kila baada ya wiki tatu ili upande mmoja upumzike. Fundi alikwenda Lindi vilevile, ila kazi aliyopewa ilikuwa kuchimba mfereji.